Isnadi na Mwambao wa Uvira: Uandishi wa Tarehe wa Waislamu kutoka Pwani hadi Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Neno tarehe lina maisha mawili katika Kiswahili. Leo twalitumia kwa siku ya mwezi, ile iandikwayo juu ya barua. Zamani, katika maandishi ya pwani yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, neno hilo lilikuwa pia jina la fani nzima: habari za mji, za watawala wake na za wanavyuoni wake, zilizopangwa ili msomaji ajue nini kilitangulia na nini kilifuata. Fani hiyo ilizaliwa katika elimu ya Kiislamu, nayo iliwafikia Waswahili pamoja na herufi, sheria na sala.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi fani ya tarehe ilivyokua, jinsi ilivyoshika mizizi Afrika Mashariki, na yaliyoipata ilipofuata njia ya misafara hadi kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, yaani Uvira, Baraka, tambarare ya Ruzizi, na milima iliyo juu yake hadi Rurambo. Katika tarehe zinazojulikana na kusomwa vyuoni kwetu zimo za Kilwa, za Pate, za Mombasa na za Unguja. Ya Uvira haimo. Swali letu basi ni hili: kwa nini mwambao uliofikiwa na Kiswahili na Uislamu tangu katikati ya karne ya 19 ulibaki kuandikwa na wengine, na fani ya kale inaweza kumpa nini mtafiti anayetaka kuiandika habari yake leo?

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba swali hili si la maktaba tu. Katika nchi ya Uvira, kujua nani alitangulia kufika na nani alifuata ni kujua nani atadai shamba, nani atadai uchifu, na nani ataitwa mgeni katika ardhi aliyozaliwa. Mahali kama hapo habari ya zamani ni silaha, na silaha isiyojulikana imetoka mkononi mwa nani ni ya hatari zaidi. Hoja yetu ni kwamba kiungo cha kale zaidi cha fani ya tarehe, yaani isnadi, ndicho kinachohitajika mno katika mwambao huo.

2.0 Khabari na Isnadi: Msingi wa Fani

Wanahistoria wa mwanzo wa Kiislamu hawakuanza na kitabu. Walianza na khabari. Khabari ni masimulizi mafupi ya tukio moja, nayo ilitanguliwa na majina ya watu walioipokezana: fulani alinisimulia kutoka kwa fulani, naye kutoka kwa fulani aliyeshuhudia. Mnyororo huo wa majina ndio uitwao isnadi. Ulitumika kwanza katika Hadithi za Mtume, kisha ukaingia katika sira na habari za vita. Ibn Is-hak, aliyefariki yapata mwaka 767, alikusanya sira ambayo tunayo leo hasa kwa uhariri wa Ibn Hisham. Al-Waqidi, aliyefariki mwaka 823, aliandika juu ya vita vya Mtume, na inasimuliwa kwamba alikuwa akiwauliza watoto wa waliopigana, kisha akaenda hadi uwanja wenyewe wa vita kupaona. Mwanafunzi wake Ibn Saad, aliyefariki mwaka 845, aliwapanga watu kwa tabaka za vizazi, na sehemu ya kitabu chake akaiweka kwa wanawake, ambao wengi wao walikuwa wapokezi wa habari kama wanaume.

Kilele cha njia hii ni al-Tabari (839-923). Katika tarehe yake kubwa ya mitume na wafalme, inayofikia mwaka 915, hakuchagua khabari moja na kuzitupa nyingine. Mara nyingi aliweka masimulizi mawili au matatu yanayopingana juu ya tukio lile lile, kila moja na isnadi yake, akamwachia msomaji apime. Katika dibaji yake alitahadharisha kwamba, iwapo msomaji ataona jambo la kushangaza, ajue limetoka kwa wasimulizi na yeye amelifikisha kama lilivyomfikia. Wasomaji wa leo huweza kuona huo ni udhaifu, kwamba mwandishi amekwepa hukumu. Sisi twaona kuna uaminifu mkubwa ndani yake, kwa kuwa kila mtu alibaki na neno lake na jina lake.

Hata hivyo, isnadi peke yake haitoshi. Watu waweza kutunga mnyororo kama wawezavyo kutunga khabari. Wanavyuoni walilijua hilo mapema, ndiyo maana wakaanzisha elimu ya kuwachunguza wapokezi: nani alikuwa mkweli, nani alikuwa msahaulifu, nani hakuweza kukutana na yule anayedai kumsikia. Al-Waqidi mwenyewe, pamoja na bidii yake yote, alihesabiwa dhaifu na wengi wa wanavyuoni wa Hadithi.

Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliongeza kipimo kingine. Katika Muqaddima, aliyoiandika mwaka 1377, alisema kwamba khabari lazima ipimwe pia kwa tabia ya mambo yenyewe: je, jambo hili laweza kutokea katika jamii ya wanadamu kama tuijuavyo? Mfano wake mmoja ni hesabu ya jeshi la Bani Israili, zaidi ya watu 600,000, iliyopokewa na al-Masudi na wengine. Ibn Khaldun aliuliza ni nchi gani ingeweza kulilisha jeshi hilo, na ni uwanja gani ungelitosha. Inafaa kukumbuka kwamba al-Masudi huyo huyo ni miongoni mwa waandishi wa kwanza kuitaja pwani yetu kwa kuiona: alisafiri kutoka Oman hadi kisiwa cha Qanbalu mwanzoni mwa karne ya 10. Hivyo Afrika Mashariki iliingia katika tarehe ya Kiislamu kwanza kama nchi inayosimuliwa na msafiri. Ilichukua muda kabla wenyeji wake hawajashika kalamu wenyewe.

3.0 Pwani: Tarehe za Watawala na za Wanavyuoni

Tarehe ya Kilwa, iitwayo kwa Kiarabu Kitab al-Sulwa fi akhbar Kulwa, ni ya karne ya 16. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1499, akaandika baada ya Wareno kuuvunja ukuu wa mji wake. Nakala iliyotufikia ilinakiliwa Unguja mwaka 1877 na sasa ipo London. Ilichapishwa na Arthur Strong mwaka 1895. Mapokeo mengine ya habari hizo yamo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotoka mwaka 1552, na matoleo hayo mawili hayalingani katika majina na miaka yote. Aidha, uchimbaji wa Neville Chittick pale Kilwa, ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950, pamoja na uchunguzi wa sarafu, uliwafanya wanahistoria waijadili upya miaka ya masultani wa kwanza.

Habari za Pate zinatuonesha jambo la namna hiyo. Matoleo yake kadhaa yanarejea kwa mtu mmoja wa ukoo uliotawala, Muhammad bin Fumo Omar Nabhany, aliyejulikana kama Bwana Kitini. C. H. Stigand alilichapisha toleo lake mwaka 1913, Alice Werner mwaka 1914 na 1915, na Marina Tolmacheva akayakusanya matoleo mbalimbali mwaka 1993. Hapa isnadi ipo, ila ni fupi: karibu njia zote zinakwenda kwenye nyumba moja, na nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa na haja ya kukumbukwa kwa wema.

Mombasa ilimpata Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891-1947), Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937, aliyeandika kwa Kiarabu tarehe ya ukoo wake wa Mazrui. Kazi hiyo ilichapishwa pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1995. Unguja ilimpata Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912-1982), naye aliandika kwa Kiswahili cha kila mtu. Kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1972, kwa asili ni kitabu cha tabaka kama cha Ibn Saad: nani alisoma kwa nani, na nani akamsomesha nani. Msomaji anayekifuata anaiona elimu ikitoka Lamu, Barawa na Komoro, ikipita Unguja na kutawanyika kwa mikono ya walimu na wanafunzi wanaotajwa kwa majina.

Tukizitazama kazi hizi kwa pamoja, tunaona mambo mawili. Kwanza, fani haikusimama. Ilitoka katika tarehe ya masultani, ikaenda katika tarehe ya koo, kisha katika tarehe ya walimu. Pili, karibu kazi zote zinatazama bahari. Bara inaingia kama mahali walikokwenda watu na kurudi na mali, au wasirudi.

4.0 Msafara Unaingia Bara: Kalamu ya Hamed bin Muhammad

Mwandishi aliyevunja mpaka huo hakuwa mwanachuoni. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, Hamed bin Muhammad el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliyezaliwa Unguja yapata mwaka 1837 na kufariki huko huko mwaka 1905. Baada ya kurudi kutoka Kongo, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, akihimizwa na Heinrich Brode aliyekuwa katika ubalozi wa Ujerumani. Brode aliyageuza kwa herufi za Kilatini na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwishoni mwa miaka ya 1950, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974.

Maisha hayo si tarehe kwa maana ya Kilwa. Hayana ukoo wa masultani wala dibaji ndefu ya kumsifu mtawala. Mwandishi ni shahidi wa mambo yake mwenyewe. Isnadi yake ina jina moja. Kwa hiyo kitabu kina nguvu ya ushahidi wa macho na kina upungufu wa mtu anayejisemea mwenyewe. Waliotekwa hawana sauti humo. Wanahesabiwa, wanagawanywa, wanatoroka, lakini hatuwasikii wakinena.

Ndani ya kitabu hicho imo habari moja ambayo kila mwanafunzi wa historia ya Kongo angefaa kuifikiri. Tippu Tip anasimulia jinsi alivyoingia Utetera, kwa mzee Kasongo Rushie. Alikuwa amesikia kwamba zamani mabinti wa ukoo wa mtawala huyo walitekwa vitani na kupelekwa mbali. Basi akajitambulisha kuwa mjukuu wa mmoja wao: bibi yake, alisema, ndiye binti yule aliyepotea. Kasongo Rushie akaikubali habari, akampokea kama damu yake, na utawala ukaingia mikononi mwa mgeni. Wanahistoria wengi wameisoma habari hii kama hila ya kisiasa, na namna mwandishi anavyoisimulia haiwazuii kuisoma hivyo.

Ukiitazama kwa jicho la fani ya tarehe, hapo ni khabari isiyo na isnadi iliyotwaa nchi. Hapakuwa na mtu wa kuuliza: umeipokea kwa nani, naye aliipokea kwa nani, na kuna shahidi gani wa pili? Mzee aliyemlilia nduguye kwa miaka mingi alitaka habari iwe kweli, na aliyeileta alijua hivyo. Ibn Khaldun alitaja mapenzi ya msikilizaji kuwa miongoni mwa milango ya uongo katika tarehe. Nafsi inayopendelea upande fulani huikubali habari ya upande huo kabla ya kuichunguza.

5.0 Uvira katika Kalamu za Wengine

Turudi sasa kwenye mwambao wa kaskazini. Richard Burton na John Speke walifika Uvira mwezi wa Aprili mwaka 1858, wakiwa wametoka Ujiji kwa mitumbwi. Burton alikuta soko ambalo wafanyabiashara wa pwani walikwisha kulijua: alilieleza kuwa ghala kubwa la kaskazini la watumwa, pembe, nafaka, nguo za magome ya miti na vyombo vya chuma. Ni huko alikoambiwa na watoto wa chifu kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Livingstone na Stanley walilihakikisha jambo hilo mwezi wa Novemba mwaka 1871.

Orodha hiyo ya bidhaa yatufaa kuisoma tena. Nafaka, chuma na nguo za magome havikuota katika mchanga wa ufukoni. Vililimwa, vilifuliwa na kupigwa na watu wa tambarare na wa milimani, wakateremshwa navyo sokoni. Na watumwa walikuwa watoto wa mtu fulani, wa kijiji fulani. Kwa hiyo tarehe ya soko la Uvira haiwezi kuandikwa kwa kukaa Uvira tu. Inadai mtafiti apande mlima.

Waliofuata kuandika walikuwa wamisionari. Mapadre Weupe walifika Ujiji mwaka 1879, wakafungua kituo cha Mulweba katika nchi ya Masanze mwaka 1880, na cha Kibanga mwaka 1883. Shajara zao ni hazina ya habari za kila siku za mwambao. Humo ndimo linamoonekana pia jina la Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aitwaye Rumaliza, mtu wa Lindi aliyejiimarisha Ujiji katika miaka ya 1880 na kuieneza nguvu yake upande wa kaskazini wa ziwa, ingawa Burundi ya Mwezi Gisabo ilimshinda. Rumaliza alikuwa mshirika wa Tippu Tip katika biashara, na baadaye wakagombana juu ya mali. Alipigana na majeshi ya Dola Huru ya Kongo hadi alipovunjwa mwanzoni mwa mwaka 1894, akakimbilia upande wa Wajerumani. Habari zake tunazijua zaidi kwa kalamu za adui zake na za mshirika wake.

Hapo ndipo tuonapo jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu. Tarehe huandikwa mahali penye mambo matatu: mtu anayejua kuandika, mtu anayetaka ikumbukwe, na muda wa utulivu wa kuifanya kazi hiyo. Uvira ilikuwa na waandishi, kwa kuwa biashara ya msafara haikwenda bila barua wala hati. Ila matajiri wake waliitazama pwani kuwa ndiko kwao. Aliyejaliwa kurudi, kama Tippu Tip, aliandikia Unguja. Waliobaki ziwani, yaani waungwana, wapagazi, askari, wake na watumwa walioachwa huru, walikuja chini ya serikali iliyowaangalia Waislamu kwa shaka. Baada ya mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru na Vatikani, elimu ilishikwa zaidi na misheni za Kikatoliki. Herufi za Kiarabu zikarudi nyuma, hadi ndani ya vyuo vya Korani, na Kiswahili cha shule kikaandikwa kwa Kilatini na kwa mambo mengine.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba hakuna kilichoandikwa. Xavier Luffin, katika kitabu chake cha mwaka 2020, amezichunguza hati za Kiarabu na za Kiswahili za miaka ya 1880 hadi 1899 zilizomo katika nyaraka za Ubelgiji. Zimo barua, mikataba na maandishi mengine ya watu wa Kongo ya mashariki, yaliyokaa zaidi ya karne moja bila kusomwa na wengi wa wale wanaoiandika historia ya nchi hiyo. Armand Abel alichapisha uchunguzi juu ya Waislamu weusi wa Maniema mwaka 1960, na Jacques Depelchin akaandika tasnifu juu ya historia ya jamii na uchumi wa eneo la Uvira mwaka 1974. Kwa upande mwingine wa Kongo, André Yav alionesha mwaka 1965 kwamba mtu aliyefanya kazi za nyumbani kwa Wazungu aweza kuandika historia ya mji wake kwa Kiswahili anachokisema; kitabu chake juu ya Elisabethville kilihaririwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Yav hakuwa mrithi wa fani ya Kiislamu, lakini alifanya lile ambalo mwambao wetu ungali unalihitaji: aliandika kutoka ndani, kwa ajili ya walio ndani.

6.0 Isnadi kwa Mtafiti wa Ufukoni na Milimani

Kwa kuwa hati za mwambao ni chache na zimetawanyika, tarehe ya Uvira itategemea sana vinywa vya watu. Hapa baadhi ya wasomi watauliza: je, yafaa kuchukua chombo cha wanavyuoni wa Madina na Baghdad na kukitumia kwa Bavira, Bafuliiru, Babembe au Banyamulenge, ambao wengi wao ni Wakristo? Jibu letu ni kwamba chombo kimekwisha kutumika, ila kwa jina jingine. Jan Vansina, aliyefanya utafiti Kongo, Rwanda na Burundi, alisisitiza katika kitabu chake cha mwaka 1961 kwamba mapokeo ya mdomo ni mnyororo wa ushahidi, na kwamba mtafiti lazima aijue njia ambayo neno limepita. Mwanafunzi wa al-Tabari asingeona jambo geni hapo.

Twapendekeza mambo matano. La kwanza, kila khabari iandikwe pamoja na njia yake: nani amesema, alisikia kwa nani, katika lugha gani, na mahali gani. Kusema tu kwamba wazee wanasema si ushahidi. Wazee gani, na wa nyumba ipi?

La pili, masimulizi yanayopingana yawekwe pamoja. Mtafiti akipokea habari moja katika mtaa wa Waislamu ufukoni na nyingine Rurambo, asiifute moja ili kupendezesha sura ya kitabu chake. Aziandike zote mbili, kila moja na watu wake. Katika nchi ambayo kila jamii ina tarehe yake ya kufika, kuficha ikhtilafu ni kuchagua upande.

La tatu, khabari ipimwe kwa kipimo cha Ibn Khaldun. Idadi ya wapiganaji, ukubwa wa himaya, umri wa utawala: je, nchi ile iliweza kuvibeba? Aidha, msikilizaji ajipime mwenyewe, asije akawa Kasongo Rushie wa pili anayekubali habari kwa sababu aliitamani.

La nne, mtafiti aende mahali penyewe kama al-Waqidi, na awaulize wanawake kama Ibn Saad alivyowahesabu. Habari za utumwa mara nyingi hazikai katika baraza la wanaume. Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alikusanya maisha ya wanawake waliopitia utumwa katika nchi za Ziwa Tanganyika na jirani zake, akiwemo Bwanikwa. Maisha hayo yalihifadhiwa kwa kuwa wamisionari waliwasikiliza na kuandika. Ni upungufu wa fani yetu kwamba hakuna mwandishi wa tarehe aliyewatangulia.

La tano linahusu usalama, na hapa isnadi inatuletea tatizo ambalo al-Tabari hakulipata kwa namna yetu. Msimulizi atajwaye kwa jina katika nchi yenye vita anaweza kudhurika kwa neno lake. Kumtaja si heshima iwapo kunamletea adui mlangoni. Twaona njia ya katikati inawezekana: jina lifichwe katika chapisho, lakini mnyororo usifichwe. Mtafiti aweke daftari la majina mahali pa amana, na katika chapisho aseme yanayotosha kumpima shahidi: umri wake, ukoo wa elimu yake, mahali alipokulia, na kama alishuhudia au alipokea. Msomaji ataweza kupima, na mzee ataweza kulala nyumbani kwake.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba fani ya tarehe ilianza kwa kuuliza umeipokea kwa nani. Pwani iliitumia kuhifadhi masultani, koo na walimu. Msafara uliipeleka bara, lakini huko ikabaki na shahidi mmoja mkubwa, aliyeandika yake na kurudi kwao. Mwambao wa Uvira ulisalia katika vitabu vya wasafiri, wamisionari na maofisa, ambamo Mwislamu ni mfanya biashara ya watumwa tu, mtumwa hana jina, na mtu wa mlimani ni mleta nafaka.

Picha hiyo haitarekebishwa kwa kuandika sifa mahali pa lawama. Waislamu wa ziwani ni watoto wa waliouza na vilevile watoto wa waliouzwa, na mara nyingine wote wawili wamo katika nyumba moja. Tarehe ya kweli itawaumiza na kuwaponya kwa pamoja. Kinachohitajika ni kila neno libaki na mwenyewe, ili asitokee tena mtu wa kutwaa nchi kwa bibi ambaye hakuna aliyemwona.

Kazi hii haina muda mrefu. Uvira iliangukia mikononi mwa waasi mwaka 1964, ikatekwa tena mwezi wa Oktoba mwaka 1996, na mapigano ya miaka ya karibuni yamewahamisha watu wengi wa nyanda za juu, wa Rurambo wakiwemo. Mwezi wa Aprili mwaka 2020 mto Mulongwe ulifurika na kuzibomoa nyumba nyingi mjini. Sanduku la karatasi halistahimili mambo hayo, wala kifua cha mzee aliye mkimbizini. Wanafunzi wetu wanaokwenda makwao wakati wa likizo hawahitaji kusubiri fedha za mradi. Daftari moja, kalamu, na swali la wanahistoria wa kale, vinatosha kuanza. Nakala ya kila daftari iwekwe mahali pawili, na mmoja wa wazee aliyesimulia apewe yake.